Tango halili mafuta

Leo nataka tuzungumze habari za tumbo, na nitaanza na habari za nyumbani kwetu. Mwenye habari hizo amenipa ruhusa. Amesema: "Waambie, mdogo wangu, labda yatamfaa mwingine."

Dada yangu anaishi Kibaha, na ana genge la mboga na matunda pale Maili Moja. Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mchangamfu, na ni mnene. Miaka minne iliyopita aligundulika kuwa na kisukari. Akapewa vidonge, akaambiwa apunguze uzito. Vidonge alivimeza kila siku bila kukosa. La uzito ndilo lililomshinda. Aliambiwa "punguza kula", maneno mawili tu, akarudi nyumbani kwenye watoto, wajukuu na sufuria ya wali wa nazi.

Ndipo ukamfikia ujumbe kwenye simu. Ujumbe huo ulisema kwamba viko vyakula ambavyo mwili hutumia nguvu nyingi zaidi kuvimeng'enya kuliko nguvu inayopatikana ndani yake. Ukivila, tumbo hulazimika kukopa kwenye mafuta yako ili limalize kazi. Kadiri unavyokula ndivyo unavyopungua! Orodha ikafuata: tango, kabichi, limau, tangawizi, balungi, na ile mboga ya Kizungu iitwayo selari ambayo wengine masokoni huiita figili. Dada alimwambia binti yake ainakili orodha hiyo kwenye karatasi, akaibandika juu ya mtungi wa maji. Tena kwake ilikuwa rahisi, maana tango na limau anaviuza mwenyewe.

Basi akaanza. Asubuhi maji ya tango na limau. Mchana tango. Jioni tango na kabichi mbichi. Siku ya sita alipima uzito akakuta kilo tatu zimeondoka, akanipigia simu kwa furaha. Nami, nakiri mbele yenu, nilimpongeza. Sikumwuliza hata swali moja.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, alianza kutetemeka pale gengeni. Jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Mteja alimpa noti, naye akabaki ameishika, hajui arudishe chenji ya shilingi ngapi. Jirani yake auzaye chai ndiye aliyetambua kwamba si bure. Kwa kuwa dada alikuwa bado anaweza kumeza, alimpa kikombe cha chai yenye sukari nyingi, kisha wakamkimbiza hospitali. Huko alipimwa, sukari ya damu ikakutwa imeshuka mno. Mganga akamwuliza: "Mama, umekula nini leo?" Akajibu: "Tango." "Na jana?" "Tango."

Ndugu msikilizaji, nilipotoka kumwona nilijiuliza swali moja: je, lile walilomwambia ni kweli au si kweli? Nimesoma, nimewauliza wanaojua, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza tujue kalori ni nini. Ni kipimo cha nishati, kama lita ilivyo kipimo cha mafuta ya taa. Kalori moja, katika hesabu za chakula, ni joto linalotosha kupandisha lita moja ya maji kwa nyuzi moja. Chakula chote kina nishati hiyo, na mwili huitumia kupumua, kusukuma damu, kufikiri, kutembea, na hata kumeng'enya chakula chenyewe.

Hapo ndipo penye chembe ya ukweli. Ni kweli kabisa kwamba kumeng'enya chakula kunagharimu. Utumbo husukuma, tezi humwaga maji yake, ini hupanga na kugeuza. Wataalamu waliijua gharama hiyo tangu karne ya 19. Mimi naifananisha na nauli. Gunia la muhogo likitoka Kisarawe kwenda soko la Dar es Salaam, lazima lilipiwe nauli, na nauli hiyo inakatwa katika bei ya gunia lenyewe. Vivyo hivyo chakula hulipa nauli yake tumboni.

Lakini ni kiasi gani? Katika kila kalori 100 za mafuta, mwili hutumia kati ya 0 na 3 tu kuyashughulikia. Katika kalori 100 za wanga, kama vile ugali, wali na muhogo, hutumia 5 hadi 10. Protini ndiyo yenye nauli kubwa kuliko vyote: 20 hadi 30 katika kila 100. Ukichanganya vyakula vya siku nzima, nauli yote hufika kama sehemu moja ya kumi. Hakuna chakula kilichowahi kupimwa kwa binadamu kikaonekana kinalipa nauli kubwa kuliko mzigo wake.

Tulichukue tango la dada yangu. Gramu 100 za tango zina kalori zipatazo 15, maana karibu lote ni maji. Tango la gramu 300 lina kalori 45. Hata tukilitoza ile nauli kubwa kabisa ya protini, ambayo si yake, yaani 30 katika kila 100, zitaondoka kalori 13 au 14. Zaidi ya 30 zinabaki mwilini. Ni chache, ndiyo, lakini zimeongezeka. Tango halijala hata chembe moja ya mafuta ya mtu.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, walitaka kulimaliza bishano hili. Waliwalisha mijusi selari, ile mboga inayosifiwa kuliko zote. Walipima nishati iliyoingia, iliyotumika kumeng'enya, na iliyotoka kwa choo na mkojo. Baada ya kutoa yote hayo, karibu robo ya nishati ya selari ilibaki kuwa faida ya mjusi. Ikiwa mjusi hakula hasara, sembuse mtu, ambaye chakula chake hupikwa na kusagwa?

Wengine watauliza: na maji ya barafu je? Nayo yamo katika ujumbe huo. Hesabu yake mtoto wa shule anaweza kuifanya. Lita moja ya maji yenye nyuzi 5 ikiingia mwilini, itapashwa mpaka ifike nyuzi 37. Ni nyuzi 32, kwa hiyo ni kalori 32. Hizo ni sawa na vijiko viwili vidogo vya sukari katika chai. Mtu anywe lita nzima ya maji ya barafu, meno yamgande, halafu ayafute yote kwa kikombe kimoja cha chai tamu! Limau nalo haliyeyushi mafuta ya mwilini kama sabuni iyeyushavyo mafuta ya sufuria. Tangawizi na pilipili huongeza joto kidogo, lakini ni kidogo mno hata mizani haioni. Na juu ya balungi nina onyo: huzuia mwili kuzivunja baadhi ya dawa, zikiwemo baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za kupunguza mafuta katika damu, zikawa na nguvu kupita kiasi. Anayetumia dawa hizo amwulize mganga kwanza.

Sasa mtasema: mbona dada yako alipungua kilo tatu? Alipungua kwa sababu alikuwa na njaa. Matango sita kwa siku ni kalori 270, na mwanamke wa umri wake na kazi yake huhitaji kama 2000. Tena katika siku za mwanzo kinachoondoka kwa wingi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo imeshika kama gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji yake hutoka, mizani hushuka, na mtu hushangilia. Ukirudi kula, maji hurudi.

Na vidonge vyake ni vya aina ile inayoisukuma kongosho itoe insulini. Kidonge hakijui kama umekula au hukula. Kikimezwa kinafanya kazi yake ya kuishusha sukari, hata kama damu haina sukari ya kushushwa. Si vidonge vyote vya kisukari vilivyo hivyo, lakini hivyo vipo, na sindano ya insulini ni vivyo hivyo. Anayevitumia akiacha kula, anaweza kuzirai, na hata kufa. Tena asinyweshwe kitu mtu aliyekwisha kuzirai, atapaliwa. Huyo apelekwe hospitali mbio.

Kuna jambo moja liliniuma zaidi nilipolisoma. Huko Uingereza, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili walipewa kwa miezi mitatu au zaidi chakula cha kalori zipatazo 850 tu kwa siku. Baada ya mwaka, karibu nusu yao walikuwa hawana tena dalili za kisukari na hawatumii dawa zake. Kumbe shauri la kupunguza uzito alilopewa dada lilikuwa la kweli kabisa! Lakini sikilizeni tofauti: vidonge vyao vya sukari na vya shinikizo vilisimamishwa siku ya kwanza, kwa amri ya waganga, na walifuatwa kwa karibu muda wote. Dada yangu naye alivumilia njaa, ila alikuwa peke yake, na vidonge anavyo mkononi.

Ndugu wasikilizaji, alipotoka hospitali tuliamua akapumzike kwa mama yetu mdogo, upande wa Kisarawe. Tulipita Gongo la Mboto na Pugu hadi Kisarawe mjini, kisha tukashika barabara ya Maneromango. Mama mdogo amepita miaka sabini. Ni mwembamba, mkavu, na jembe lake bado halijapata kutu.

Tulimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika, akamtazama dada kuanzia kichwani mpaka miguuni. Jioni ile dada, ambaye kumbe karatasi yake alikuja nayo, akaomba kisamvu kibichi. Alikuwa amesikia kwamba majani mabichi yakisagwa na kunywewa yanasafisha mafuta.

"Kisamvu kibichi?" mama mdogo akauliza. "Mwanangu, nani kakwambia? Hata mbuzi tunawafukuza shambani. Kisamvu kinatwangwa, kinachemshwa mpaka kiive. Unataka nikuzike mimi?"

Hapo mama mdogo hakuhitaji kitabu. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kutwanga na kuchemsha sana ndiko kunakoiondoa. Wazee wa Uzaramo walilijua hilo kabla ya maabara. Ujumbe wa simu, ambao haumjui mlaji wala haujui jani, haukulijua.

Nilikaa huko siku tatu nikitazama anachokula. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai yenye sukari kidogo. Mchana ugali na kisamvu, au kunde, au mlenda. Siku moja dagaa. Nazi alitia nusu, akasema nyingine ni ya kesho. Soda sikuiona. Nikajiambia: haya, jibu limepatikana, ni kazi ya jembe ndiyo inayomchoma mafuta.

Lakini hata hilo nililazimika kulipunguza. Mwaka 2012 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wao kwa Wahadzabe wa ziwa Eyasi, watu wetu wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Walipima nishati ambayo mwili wao hutumia kwa siku. Kila mtu alitegemea kwamba ingekuwa kubwa mno kuliko ya Wazungu wanaoshinda vitini. Wakakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, ni karibu sawasawa. Mwili unaofanya kazi nyingi hujibana mahali pengine. Kwa hiyo kazi na matembezi yana faida kubwa kwa moyo, kwa sukari ya damu na kwa akili, nami nawahimiza sana. Ila asidhani mtu kwamba atakimbia asubuhi apate ruhusa ya kula sahani tatu mchana. Wembamba wa mama mdogo hautoki kwenye jembe peke yake. Unatoka zaidi kwenye ile nusu ya nazi.

Tufanye hesabu. Nyama ya nazi gramu 100 ina kalori zipatazo 350. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120, na mpishi wetu hamimini kijiko, humimina kwa macho. Chupa ya soda ya mililita 350 ina kama 140, zote za sukari. Na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Anayepunguza 500 kila siku, yaani soda moja na vijiko vitatu vya mafuta, atapungua kama nusu kilo kwa juma hapo mwanzo, na baadaye mwendo utakuwa mdogo zaidi, maana mwili mdogo hutumia kidogo.

Wakubwa wenzangu watakumbuka kampeni za redioni, Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikusanyika kuizunguka redio, wakasikiliza na kujadiliana. Wakati ule hofu kubwa ilikuwa chakula kisichotosha. Baadaye ukaja ukimwi, na mtu akikonda majirani walinong'ona. Kwa hiyo unene ukawa ndiyo cheti cha uzima. Leo pembeni ya ule upungufu, ambao haujaisha, umesimama mzigo mwingine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2004-05 ulikuta wanawake 18 katika kila 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi. Mwaka 2010 walikuwa 22. Mwaka 2015-16 walifika 28, na mijini walikuwa wengi kuliko vijijini. Mabadiliko yamekuja upesi kuliko mafunzo. Hapo katikati, palipokosa mwalimu, ndipo anapoingia mwuza miujiza. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kinajitembeza kwenye simu.

Simcheki dada yangu, na ninaomba msiwacheke watu kama yeye. Hakuwa mlafi wala mjinga. Aliambiwa apungue, akataka kutii. Waliomdanganya waliitumia nia yake njema. Nasi tulio karibu naye tuliusifu mzani bila kuuliza sahani.

Sasa anafanyaje? Alirudi kwa mganga, safari hii tukiwa wawili, tukauliza maswali mpaka tukaelewa. Vidonge vyake vikabadilishwa. Tango bado analila, na nawaomba nanyi mle, pamoja na mchicha, matembele na kabichi. Sifa yake ya kweli ni kwamba hujaza tumbo kwa kalori chache, na likichukua nusu ya sahani, wali hupata nafasi ndogo. Lakini huliwa pamoja na chakula, halishiki mahali pa chakula. Maharage, kunde na dagaa havikosi, maana protini hushibisha kwa muda mrefu, na ndiyo yenye nauli kubwa. Mafuta anayapima kwa kijiko. Soda ameiacha. Jioni, akifunga genge, hutembea hadi nyumbani badala ya kupanda bodaboda.

Imepita miezi sita. Amepungua kilo nne. Siku tisa za tango zilimpa kilo tatu na kitanda cha hospitali. Miezi sita ya kijiko imempa kilo nne, na bado anasimama gengeni kwake. Ile karatasi mama mdogo aliitumia kuwashia moto, akapikia kisamvu.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, ukiletewa habari za chakula kinachochoma mafuta, uliza hesabu. Na ikiwa unatumia vidonge vya sukari au insulini, usibadilishe ulaji wako hata siku moja kabla hujazungumza na anayekutibu. Ukiwa na ndugu aliyeanza kukonda ghafla, usimpongeze tu kama nilivyofanya mimi. Mwulize kwa upole: leo umekula nini?